Simu Ina Intaneti, Lakini Haipigi

Basi liliniacha kituoni jioni, na sanduku moja, katika mji wa nchi ya kigeni ambao sikuwahi kufika. Ramani ilikuwa wazi kwenye kioo cha simu. 4G imejaa hadi juu. Meseji ya WhatsApp niliyotuma nyumbani ilikuwa imeshapata tiki mbili za buluu. Kilichobaki ni kumpigia mama mwenye nyumba, mtu mzima asiyejua habari za intaneti, ambaye namba yake ilikuwa ya simu ya mezani.

Nikabonyeza. Alama ya 4G ikapotea, simu ikawa inatafuta mtandao, kisha kioo kikaandika kwamba simu imekatika. Haikuita hata mara moja.

Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Muda si muda 4G ikarudi, na ramani ikaendelea kunionyesha niliposimama.

Kijana aliyekuwa akingoja basi lake akaniazima simu. Mama mwenye nyumba akapokea papo hapo.

Laini ilikuwa ya nchi ile ile, nimeisajili mwenyewe, ina salio na bando. Kesho yake tuliichomeka kwenye simu ya jirani, ikapiga. Tukachukua laini ya jirani tukaichomeka kwenye simu yangu: intaneti ikaja, ila simu haikutoka. Na simu yangu niliinunua taslimu, haina mkataba na kampuni yoyote, na nyumbani kila laini niliyowahi kuichomeka ilipiga na kupokea.

Laini nzima. Simu nzima. Zikikutana, hakuna sauti.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki nyingi baada ya kurudi. Sikuwa nimepotea wala kuumia. Kilichonisumbua ni kwamba hapakuwa na dalili hata moja ya kunionya. Kila kitu kwenye kioo kiliniambia kwamba nimeunganishwa na dunia.

## Kufuli tunalolijua

Wasafiri wengi tuna swali moja tunalouliza kabla ya safari: je, simu imefungwa mtandao? Ni swali la lazima. Simu iliyouzwa kwa mkopo au kwa bei ya kampuni inaweza kuikataa laini ya kampuni nyingine, na hakuna ujanja wa mipangilio utakaoibadilisha mpaka aliyeifunga aifungue.

Kujua ni rahisi. Chomeka laini ya kampuni nyingine kabla hujasafiri. Ikiomba msimbo wa kufungulia, imefungwa. Kwenye iPhone, ukurasa wa maelezo ya simu una mstari mzima unaosema kama kuna kizuizi cha laini.

Na kufuli hili linazidi kupungua. Kanada ilizitaka kampuni ziuze simu zikiwa wazi tangu Desemba 2017. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa tangu Desemba 2021. Nchi nyingine zitafuata, naamini, na itakuwa heri.

Lakini mimi sikukwama hapo.

## Namba inakaa kwenye kadi

Kilichonishangaza ni kwamba tatizo langu lisingetokea miaka 20 iliyopita.

Mtandao wa GSM, yaani 2G tunayoijua, ulipoanza, wazo lake kubwa lilikuwa kumtenganisha mtu na chombo. Namba yako, salio lako na haki yako ya kupiga vinakaa kwenye kadi ndogo. Simu ni chombo tu, chochote kitafaa. Tarehe 1 Julai 1991, Harri Holkeri, waziri mkuu wa zamani wa Ufini, alipiga simu ya kwanza kwenye mtandao wa GSM wa kibiashara. Mwaka uliofuata, kampuni moja ya Ufini na moja ya Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kwanza wa romingi ya kimataifa, yaani laini ya nchi moja kufanya kazi kwenye mtandao wa nchi nyingine. Mtu akavuka mpaka na kifaa chake, na kifaa kikaongea.

Kulikuwa na tofauti za masafa, ndiyo. Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya Asia zilitumia bendi, yaani vipande vya masafa, za megahezi 900 na 1800. Marekani na Kanada zikatumia 850 na 1900. Watengenezaji wakaweka bendi zote nne ndani ya simu moja, na kwa sehemu kubwa mambo yakaisha. Japani na Korea Kusini zilikuwa na njia zao, lakini kwingineko ukiwa na simu ya bendi nne isiyofungwa, umemaliza maandalizi. Simu ndogo ya vitufe ilizunguka dunia bila kuulizwa imetoka wapi.

Nikiyafikiria hayo naona tulipewa kitu kikubwa tukakizoea upesi mno, mpaka hatukuona kilipoanza kuondoka.

## Sauti ilipohama

Kaka mmoja ninayemheshimu, aliyefanya kazi ya mitambo ya simu kwa miaka mingi, ndiye aliyenifungua macho. Nilimweleza kisa chote. Akaniuliza jambo moja tu.

"Ulipobonyeza kupiga, 4G ilipotea?"

"Ilipotea, kaka."

"Basi simu ilikwenda kuitafuta 3G. Na pale ulipokuwa, 3G imezimwa."

Akanieleza polepole, na naandika kama nilivyoelewa. Kwenye 2G na 3G, sauti ilikuwa na njia yake maalumu. Ukipiga, mtandao unakutengea njia kutoka kwako hadi kwa unayempigia, na njia ile ni yenu nyinyi wawili mpaka mmoja akate, kama barabara iliyofungwa kwa ajili ya gari moja. 4G haikujengwa hivyo. Mtandao wa kwanza wa 4G ulipofunguliwa kwa wateja huko Stockholm na Oslo, Desemba 2009, ulikuwa wa data tupu, watu wakiutumia kwa modemu za kompyuta. Njia ya sauti haikuwemo kabisa.

Kwa miaka mingi simu zetu ziliziba pengo hilo bila sisi kujua. Ukiwa unasoma habari, uko 4G. Ukipiga, simu inashuka 3G au 2G, inaongea, ikimaliza inapanda tena. Wengi tumeishi hivyo.

Kisha ikaja VoLTE, sauti inayosafiri juu ya 4G yenyewe ikiwa imekatwakatwa kuwa data. Kampuni za kwanza kuitoa, za Marekani na Korea Kusini, zilianza Agosti 2012. Na kampuni zilipoona sauti imeshapata njia mpya, zikaanza kuzima za zamani ili masafa yake yatumike kwa 4G na 5G. Marekani, AT&T ilizima 3G Februari 2022, na kabla mwaka haujaisha T-Mobile na Verizon zikawa zimefanya hivyo. Australia ilianza kuzizima za mwisho Oktoba 2024.

Hapo ndipo penye kidonda. VoLTE inataka simu iwe na mipangilio ya kampuni husika ndani ya programu zake: ijisajili kwenye seva ipi, ijitambulishe vipi, sauti ifungwe kwa namna gani. Mipangilio hiyo haiji na laini peke yake. Huwekwa na mtengenezaji, nchi kwa nchi, kampuni kwa kampuni, na mara nyingi modeli kwa modeli. Kampuni nazo zina orodha za modeli zilizokubaliwa. Simu isiyokuwemo inaweza kupewa intaneti na kunyimwa sauti.

"Kiwango cha pamoja hakipo?" nikauliza.

"Kipo tangu 2010. Ila kila mmoja alikitekeleza kwa mkono wake."

Nilinyamaza kidogo. Kwangu mimi hapo ndipo kisa kilipogeuka. Nilikuwa nimelibeba kama hitilafu, kitu cha kupeleka kwa fundi. Kumbe hakuna kilichoharibika. Kufuli lilitoka kwenye simu likahamia kwenye orodha ambayo msafiri haioni, na hakuna msimbo wa kulifungulia.

Jambo moja zaidi alilonieleza linaongeza utata: meseji za kawaida zina njia yake nyingine ndani ya 4G. Ndiyo maana meseji inaweza kuingia vizuri kwenye simu ambayo haiwezi kupiga. Ukijipima kwa meseji utajiona uko salama.

## Ukipiga namba ya dharura

Hili ndilo lililoninyima usingizi.

Australia ilipokuwa ikijiandaa kuzima 3G, ilibainika kuna simu zinazopiga kawaida kwenye 4G, lakini ukibonyeza namba ya dharura zinashuka kwenda 3G, kwa sababu ndivyo zilivyopangwa kiwandani. Mwenye simu hawezi kujua. Anaongea na ndugu zake kila siku. Siku nyumba inapowaka moto ndipo simu inakwenda kutafuta mnara ambao haupo.

Serikali ya huko ikaweka sharti Oktoba 2024, siku chache kabla ya kampuni za simu za Telstra na Optus kuanza kuzima minara ya 3G tarehe 28: simu isiyoweza kufikia namba ya dharura kupitia 4G isihudumiwe kabisa na kampuni. Na waliobeba simu za nje ya nchi walikuwa miongoni mwa walioguswa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika. Simu yangu, nimeilipia, inafanya kazi, halafu unaizima kwa sababu ya kasoro ambayo pengine sitakutana nayo maishani? Intaneti ile tu ingenitosha kupata ramani, kuwasiliana na nyumbani, kutafuta gari. Kwa mgeni mwenye fedha kidogo, simu iliyozimwa ni pigo kubwa.

Nikaendelea kuliwaza. Nikafikiria mtoto anayeokota simu ya mzazi aliyeanguka. Mtoto yule haangalii bendi wala orodha. Anaona kioo kimewaka, anaamini. Simu iliyozimwa kabisa ingemfanya akimbilie kwa jirani mara moja. Simu inayojifanya nzima inamla dakika.

Sasa siwezi tena kuilaumu Australia. Bado nauliza, kwa nini aliyenunua simu ndiye wa mwisho kujua? Mtengenezaji anajua. Kampuni ya simu inajua, kwa sababu simu ikijisajili mnarani inaonyesha modeli yake kupitia IMEI. Meseji moja ya kumwambia mgeni "simu yako haitaweza kupiga hapa" ingetosha, na meseji, kama nilivyosema, inafika.

Tafadhali, usiijaribu simu yako kwa kupiga namba ya dharura. Unachukua nafasi ya mtu mwenye shida. Piga namba ya kawaida, uangalie kama alama ya 4G au 5G inabaki palepale wakati mnaongea. Ikibaki, sauti yako inapita njia mpya. Ikishuka 3G au 2G, jua unategemea minara ambayo siku zake zinahesabika. Kipimo hiki hakikuhakikishii namba ya dharura moja kwa moja, lakini kinakueleza mengi.

## Daftari la namba 15

Bonyeza *#06# utaiona IMEI, tarakimu 15 za utambulisho wa simu yenyewe, si za laini. Kuna nchi zinazozitumia kuamua simu ya mgeni iishi muda gani.

Uturuki ndiyo inayojulikana zaidi. Simu iliyotoka nje ikitumika na laini ya Uturuki inapewa siku 120, kisha inafungwa kwenye mitandao yote ya nchi hiyo isipokuwa uisajili na kulipa ada ambayo kwa simu ya bei ya chini inazidi thamani ya simu. Laini yako ya nyumbani ikiwa kwenye romingi haiguswi. Pakistani na Indonesia pia zina madaftari ya IMEI na utaratibu wa muda kwa wageni.

Sababu zao nazielewa: wizi, magendo, simu bandia, kodi. Ila mwanafunzi anayekwenda kusoma miaka mitatu alijue hili kabla hajanunua simu mpya ya kwendea, maana huko nusu mwaka hautaisha bila kuihitaji nyingine.

## Jina moja, simu tofauti

Kuna jambo la masafa ambalo wauzaji hawalitaji. Simu mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kuwa na redio tofauti ndani. Samsung huongeza herufi mwishoni mwa namba ya modeli: SM-G991B na SM-G991U zote zinaitwa Galaxy S21, lakini ile ya U ni ya Marekani na ile ya B ni ya soko la kimataifa. iPhone nazo zina namba zake za modeli kwa kila eneo, na zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 hazina tundu la kadi kabisa. Zinataka laini ya kielektroniki (eSIM) pekee. Ukiipata kama zawadi, ulizia kwanza kama kampuni ya unakokwenda inatoa laini za namna hiyo.

Bendi za 4G ni zaidi ya 40, wala hakuna simu yenye zote. Za chini, kama 20 barani Ulaya, 12, 13 na 71 huko Marekani, au 28 Australia, ndizo zinazofika mbali na kupenya kuta. Simu inayozikosa itafanya kazi vizuri mjini, mtu aseme ni nzima, halafu itapotea ukitoka nje ya mji au ukishuka chumba cha chini. Kwa hiyo usitosheke na jina la simu. Chukua namba kamili ya modeli kwenye mipangilio, uilinganishe na bendi za kampuni unayokusudia kuitumia.

## Laini ya nyumbani isife

Tunapofika ugenini tunaing'oa laini ya nyumbani na kuitupa kwenye pochi. Naomba tuache tabia hiyo.

Benki itakutumia namba ya siri ya mara moja kwenye laini ile. Barua pepe vilevile. WhatsApp inaendelea kutumia namba ya zamani hata ukiweka laini mpya, na watu husahau kwamba namba isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni, kisha ikauzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo akijisajili WhatsApp kwa namba hiyo, wewe unatolewa.

Simu ya laini mbili inamaliza sehemu kubwa ya shida. Laini ya ugenini ibebe data. Laini ya nyumbani ibaki imewashwa kwa ajili ya meseji, na data yake ya romingi izimwe kabisa, kwa sababu programu zinazojisasisha usiku zinaweza kumaliza salio kabla ya asubuhi. Kupokea meseji kwenye romingi kampuni nyingi hazitozi, lakini uliza yako. Na namba zote kwenye kitabu cha simu ziandikwe kwa alama ya + na msimbo wa nchi, zipigike popote ulipo.

Intaneti ikigoma kwenye laini mpya huku mtandao unaonekana, tazama APN kwanza, yaani jina la lango la intaneti la kampuni kwenye mipangilio ya simu. Ni mstari mmoja wa maandishi. Kampuni itakupa, uandike mwenyewe. Hilo ndilo tatizo pekee katika makala hii ambalo dakika mbili zinalitosha.

## Niliyoandika na majibu niliyopata

Nilimwandikia mtengenezaji wa simu yangu nikaomba orodha ya nchi na kampuni ambazo modeli yangu inaweza kupiga kwa VoLTE. Jibu likaja la heshima: wasiliana na kampuni ya simu ya nchi husika. Nikaiandikia kampuni ya simu. Nayo ikasema kwa heshima ile ile: wasiliana na mtengenezaji.

Sitaacha kuuliza. Taarifa ipo mahali fulani, kwenye programu zilizomo ndani ya simu. Kuichapisha kwenye tovuti hakumgharimu mtu chochote cha maana. Zipo kampuni zilizochapisha orodha za modeli zilizokubaliwa, kwa hiyo inawezekana. Kinachokosekana ni mtu wa kuwalazimisha wengine.

Mpwa wangu anasafiri kwenda kusoma. Tulikaa na simu yake mezani, tukatoa namba ya modeli, tukalinganisha bendi moja baada ya nyingine. Zililingana karibu zote. Tukasasisha programu, kwa kuwa mipangilio ya kampuni huja na masasisho. Kisha tukafungua orodha ya simu zinazokubaliwa na kampuni ya huko anakokwenda, tukaitafuta ya kwake.

"Haipo, mjomba. Kwa hiyo niiache?"

Nimemwambia aende nayo. Itampa ramani, masomo na sauti ya mama yake kupitia intaneti. Akishapokea fedha yake ya kwanza, anunue simu ndogo yoyote inayouzwa na kampuni ya huko huko, aitie laini ya pili, aiweke karibu na kitanda ikiwa na chaji. Na namba ya dharura ya nchi ile aiandike kwenye karatasi leo, kabla hajafunga sanduku.